Spana Iliyopakwa Sandali

Barua zenu nimezipata. Mama mmoja ameniita katili, eti nimemwacha Ponmalar wiki nzima na simu sikioni bila kusema nani kapiga. Nakubali kosa, mama. Sasa sikiliza.

Aliyepiga alikuwa Mzee Isakkimuthu, fundi mkuu wa mabomba, na maneno yake ya kwanza yalikuwa haya:

"Usiwashe, mwanangu. Nakuomba usiwashe."

Saa ya ukutani ndani ya handaki la kuongozea majaribio ilisoma dakika thelathini na nane zilizobaki kabla ya kuwasha. Mliochelewa kuanza kusoma, shikeni hapa. Nje, mita mia sita kutoka handakini, mapipa matatu ya roketi Airavatham, jina la tembo mweupe wa hadithi, yalikuwa yamefungwa pamoja kwenye jukwaa la chuma, yamejaa mafuta ya taa na oksijeni ya kimiminika. Pipa moja peke yake ni roketi ndogo. Matatu ni roketi kubwa. Matano ni jitu la kubeba nyumba nzima mpaka angani. Mapipa ni pacha, ukoo mmoja, unaunga kadiri ya mzigo wako. Ponmalar, mkuu wa majaribio, alikuwa ametoa miaka kumi na moja kwa ajili ya ukoo huo. Leo mapipa matatu yalitakiwa kuwaka sekunde mia mbili yakiwa yamefungwa palepale, mbele ya macho ya Bwana Bhatnagar aliyetumwa kutoka Delhi. Yasipowaka, Bhatnagar anaondoka saa saba mchana na mradi unafungwa.

"Annachi, unasema nini?" Ponmalar alinong'ona. Kituo kizima cha Karumalai kilimwita mzee huyo Annachi, kaka mkubwa, hata wakurugenzi. "Uko wapi?"

"Stoo. Nimeshika spana namba thelathini na mbili. Ina sandali, mwanangu. Imejificha kwenye mfereji wa mpini. Sandali na poda nyekundu."

Ponmalar akashika ukingo wa meza.

Jana ilikuwa Ayudha Puja, siku ambayo fundi hafanyi kazi na vyombo hupewa heshima yao. Kuanzia lori mpaka bisibisi, kila kitu Karumalai kilioshwa, kikapakwa sandali, ule uji wa mti wa manukato, na poda nyekundu, kikavikwa maua, na sisi tukatafuna bisi za mchele na sukari guru mpaka midomo ikanata. Isipokuwa spana za mabomba ya oksijeni. Hizo zina amri yake: hazitoki kwenye mifuko yake ya buluu, haziguswi kwa mkono mtupu, sembuse kupakwa kitu.

"Spana za buluu hazikuwepo madhabahuni," Ponmalar alisema. "Nilikagua mwenyewe."

"Ulikagua ukaenda zako. Nikabaki mimi." Mzee alivuta pumzi. "Miaka ishirini na sita nafanya kazi na spana hiyo. Kila koleo limepata ua, hiyo niiache mfukoni kama mtoto wa kambo? Na mwezi ujao nastaafu. Nikasema mara moja tu. Nikaipaka mafuta ya ufuta ing'ae, nikaitia sandali, nikaomba, nikaifuta. Niliifuta vizuri, Ponmalar. Nilidhani nimeifuta vizuri."

"Leo umeitumia?"

"Alfajiri. Vali ya chini ya pipa la pili ilikuwa inavuja. Nikaifungua, nikatia sili mpya ya kuzuia mvujo."

"Sili uliishika kwa glavu zilezile ulizoshikia spana?"

Ponmalar alimsikia mzee analia, kilio cha mtu asiyejua kulia.

Roketi hii hunywa mafuta upande mmoja na oksijeni upande mwingine, na hao wawili hawaruhusiwi kukutana mpaka wafike jikoni, ndani ya injini. Tone la mafuta likiingia bomba la oksijeni, mtikisiko mdogo tu unatosha kulilipua. Nani hajui hilo Karumalai? Sote tulifundishwa na mtu mmoja. Kila mgeni, siku yake ya kwanza, alipelekwa nyuma ya karakana akaonyeshwa kitambaa chenye tone la mafuta kikimwagiwa oksijeni, kisha kikigongwa kwa nyundo ya mpini mrefu. Mlio ule hausahauliki. Aliyeshika nyundo alikuwa Isakkimuthu, na sikio lake la kushoto lilikufa katika ajali ya namna hiyohiyo ujanani.

Mtu huyo ndiye aliyetia mafuta.

Ponmalar akakata simu, akanyoosha mkono, akabonyeza kitufe cha kusimamisha. Saa ya ukutani ikasimama kwenye thelathini na tano.

"Nani kasimamisha?" Sauti ya Dakta Unnithan, Mkurugenzi, ilimfikia kabla ya mwenyewe.

"Mimi, Dakta."

"Kwa sababu gani? Taa zote ni kijani!"

"Sili ya vali ya chini, pipa la pili. Nashuku ina uchafu."

"Unashuku. Nani kakwambia?"

Wasomaji wangu, hapo angeweza kutaja jina. Neno moja tu, na mzigo wote ungemwangukia mzee mmoja aliyebakiza siku ishirini na sita apewe shada lake na picha ya ukutani. Ponmalar alimwangalia Mkurugenzi machoni.

"Hakuna aliyeniambia. Nashuku mimi."

Bwana Bhatnagar alikuwa amekaa nyuma, kikombe cha kahawa mkononi, suti haina hata kunyanzi. Alikohoa kidogo.

"Mama Mhandisi, unajua kule Delhi wanaiitaje roketi yenu? Roketi ya kesho. Kila ukiuliza, kesho."

Vijana wa kwenye skrini wakainamisha vichwa. Lilichoma lile.

"Nipe saa mbili, Bwana Bhatnagar," Ponmalar alisema. Wazo lilikuwa limemjia ghafla na akalishika kwa mikono miwili. "Pipa la nne liko bandani. Ni pacha wa haya. Tunatoa oksijeni ya pipa la pili pole pole, tunachomoa vali nzima ya pipa la nne na sili yake, tunaifunga hapa. Hakuna roketi nyingine duniani utakayoona inafanyiwa hivyo mchana kweupe. Si ndiyo ahadi yetu? Cha huyu kinamkaa yule?"

Bhatnagar akaweka kikombe chini. Kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye gari, alionekana kama mtu aliyeamka.

"Hilo ningependa kuliona," alisema. "Kuliko hata moto wenyewe. Twendeni bandani."

Ponmalar karibu acheke kwa furaha. Akageuka kumtazama Mkurugenzi.

Dakta Unnithan alikuwa amekuwa mweupe mdomoni.

"Dakika moja, Mheshimiwa," alisema, akamshika Ponmalar kiwiko, akamvutia kwenye kijichumba cha kahawa, akafunga mlango.

"Hakuna mtu anayefungua banda."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu pipa la nne halina vali."

"Halina vali kivipi? Limekamilika tangu Machi!"

"Halina vali, halina bomba, halina injini. Ni bati, Ponmalar. Bati limepakwa rangi nyeupe na bendera ubavuni. Kiwanda kilichelewa, Delhi wakataka picha. Nikawapa picha."

Mara ngapi alipita bandani akaligonga pipa lile ubavuni kwa mapenzi, kama mtu anavyomgonga ng'ombe wake? Hakuwahi kujiuliza kwa nini linalia kama debe.

"Ripoti ya Machi ilisema limekaguliwa," alisema hatimaye.

"Ndiyo."

"Nani alilikagua?"

"Saini ni yako. Siku ile ulikuwa Madurai, hospitali kwa mama yako. Nikakutumia karatasi, nikakwambia tumeshamaliza kukagua, tia saini tu. Ukatia." Sauti yake ilishuka, na nisimsingizie, kulikuwa na huruma ndani yake. "Banda likifunguliwa, si mimi peke yangu ninayekwenda na maji. Tutaitwa waongo sote, na hakuna mtu atakayetupa kazi ya kujenga hata fataki. Sasa nisikilize. Mafuta ni kidole kimoja. Labda yameshaganda. Labda hayapo kabisa. Tunawasha, inawaka sekunde mia mbili, anapanda ndege yake, na pipa la nne la kweli nitalijenga kwa mikono yangu. Nipe ufunguo."

Ufunguo wa kuwashia ulikuwa shingoni mwa Ponmalar, kwenye uzi mwekundu. Bila huo, saa inaweza kuhesabu mpaka sifuri na hakuna kitakachowaka.

"Dakta, ukilipua jukwaa tutakuwa tumepoteza vyote. Mapipa yote matatu."

"Tukiahirisha tumepoteza vyote kwa hakika. Tukiwasha, tumepoteza vyote labda. Chagua."

Na hapo ndipo ninapomhurumia Ponmalar mpaka leo, maana hesabu ya mtu yule haikuwa ya kijinga. Alisimama pale amekunja ngumi kwenye ule uzi. Miaka kumi na moja. Mume aliyechoka kusubiri akarudi kwao Salem. Mama aliyekuwa akiuliza kila jioni, "Tembo wako ameamka?" Yote yalikuwa kwenye kipande cha chuma kirefu kama kidole.

"Nipe dakika tano nifikirie," alisema.

"Fikiria huku saa inakwenda." Unnithan akafungua mlango, akapaza sauti. "Anzisheni saa! Mama Mhandisi amejiridhisha."

"Sijaji—"

Lakini vipaza sauti vya kituo kizima vilikwisha kulia. Saa inaendelea. Dakika thelathini na tano.

Na kule stoo, mzee mwenye sikio moja alisikia.

Dakika sita baadaye kijana wa kamera akaita, "Mama! Ubao!"

Kwenye geti la jukwaa kuna ubao wa mbao wenye misumari. Kila anayeingia chini ya roketi hutundika kibati chake cha shaba chenye namba, akitoka anakichukua. Maadamu kuna kibati ubaoni, hakuna anayewasha, awe mkurugenzi au waziri. Sheria hiyo ni ya zamani kuliko handaki lenyewe, na haijavunjwa hata siku moja. Asubuhi ile ubao ulikuwa mtupu.

Sasa kulikuwa na kibati kimoja. Namba tisa.

"Ni cha nani hicho?" Bhatnagar aliuliza.

Kila mtu handakini alikijua isipokuwa yeye. Kamera ya pili ikamwonyesha. Isakkimuthu alikuwa chini ya pipa la pili, mvuke mweupe wa baridi ukimteremkia mabegani, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, spana mapajani.

Simu ya jukwaani ikalia. Unnithan akaiwahi, akaiwasha isikike kwa wote.

"We mzee, una wazimu? Toka hapo mara moja!"

"Shikamoo, Dakta," alisema Isakkimuthu kwa adabu. "Sitoki."

"Huwezi kutengeneza kitu chochote hapo, tangi limejaa!"

"Najua. Sikuja kutengeneza. Nimekuja kukaa."

Kijana mmoja akacheka kwa woga, akanyamaza.

"Mheshimiwa wa Delhi anasikia?" mzee aliendelea. "Basi anisikie vizuri. Sili ya pipa la pili nimeitia mafuta mimi, Isakkimuthu mwana wa Sudalaimuthu, kwa spana niliyoipaka jana kwenye puja. Mama Mhandisi anajua na amenificha. Msimlaumu. Aliona haya kunitaja. Mimi sina haya iliyobaki. Mkiwasha, hawa vijana watafukua vipande mpaka mwaka kesho. Kwa hiyo nakaa hapa mpaka mtoe oksijeni yote, na mkono wa simu nauweka pembeni, msinibembeleze."

Wakasikia mkono wa simu ukigonga chuma, kisha upepo tu.

Ponmalar alijifuta macho kwa kiganja bila kujali nani anatazama. Bhatnagar akasimama, akafunga vifungo vya koti.

"Nimesikia vya kutosha," alisema. "Jaribio limefutwa. Nitaandika hivyo, na kuhusu mradi pia nitaandika kile ninachopaswa kuandika. Samahani, Mama Mhandisi. Fundi wenu ni mtu mkweli, na nadhani ni wa pekee hapa. Mtoeni mzee yule kabla hajaganda."

Saa ikazimwa. Ilikuwa thelathini na tano, ikawa ishirini na nane, sasa ikawa giza. Ndivyo miaka kumi na moja ilivyokwisha, wasomaji wangu.

"Fungueni vali ya juu ya pipa la pili, lipumue," Ponmalar aliamuru. Sauti yake ilikuwa imekufa, lakini kazi ni kazi. Oksijeni ikikaa inachemka, na ikichemka lazima ipumue.

"Nimefungua, Mama."

"Shinikizo linashuka?"

"Linapanda."

Wote wakageukia skrini. Hewa ya asubuhi ilikuwa na unyevu wa kukamuliwa, na juu ya pipa la pili barafu ilikuwa imeifunga vali ya kupumulia kabisa. Kijana alibonyeza tena na tena, na namba ya shinikizo ikazidi kupanda. Nne. Nne na robo.

"Ikifika sita?" Bhatnagar aliuliza.

Unnithan ndiye aliyejibu, na sauti yake haikuwa na ukurugenzi tena.

"Ikifika sita, mashine inafungua vali ya chini yenyewe, imwage kwenye shimo. Hatuwezi kuizuia. Iliwekwa hivyo ili pipa lisipasuke."

"Vali ya chini ipi?"

"Ile ile."

Ile yenye sili ya mafuta ya ufuta. Na chini yake, juu ya ndoo, amekaa mzee wetu.

"Mpigieni simu!"

"Ameiondoa, Mama!"

"Vipaza sauti!"

"Annachi, toka!" kituo kizima kilinguruma. "Toka haraka! Jaribio limefutwa! Vali inafunguka!"

Kwenye kamera, Isakkimuthu aliinua kichwa, akasikiliza kwa sikio lake moja, akatabasamu kidogo. Kisha akatikisa kidole, vile anavyomtikisia mwanafunzi mjanja.

"Anadhani tunamdanganya," alisema Unnithan. "Anadhani tunamtoa ili tuwashe."

"Kwa nini asidhani?" Ponmalar alimgeukia. "Dakika kumi zilizopita si ungefanya hivyo?"

Hakungoja jibu. Akaushika uzi mwekundu shingoni. Kulikuwa na kitu kimoja tu ambacho mzee yule angekiamini, na kilikuwa kwake: ufunguo ukiwa nje ya handaki, mbele ya macho yake mwenyewe. Akasukuma mlango wa zege kwa bega.

"Mama, sheria! Hakuna anayekwenda!" mlinzi alipiga kelele.

"Nipe baiskeli yako."

"Mama..."

"Baiskeli, Murugesan!"

Mita mia sita. Mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, viatu vya kazi, baiskeli isiyo na breki ya nyuma. Kipaza sauti kilikuwa kikisoma namba juu ya kichwa chake: nne na nusu, tano kasoro robo. Alikanyaga mpaka kifua kikawaka. Hakuwa akifikiria Delhi, wala bati jeupe lililoko bandani. Alikuwa akifikiria nyundo ya mpini mrefu na mlio wake.

Tano na robo. Akaitupa baiskeli getini. Na hapo, mniamini, alitoa kibati chake mfukoni, namba kumi na nne, akakitundika kwenye msumari kando ya namba tisa. Ndivyo alivyofundishwa.

"Annachi!"

Ukungu mweupe ulikuwa umefika kiunoni. Mzee alikaa palepale, ndevu zimeshika baridi.

"Na wewe wamekutuma?" aliuliza kwa uchungu. "Hata wewe, mwanangu?"

Ponmalar akavuta uzi juu ya kichwa chake, akauinua ufunguo hewani, mkono wote.

Isakkimuthu aliutazama. Aliutazama kwa muda mrefu kuliko muda waliokuwa nao. Kisha uso wake ukabadilika, akaelewa vyote kwa pamoja: ufunguo uko hapa, hakuna wa kuwasha, kwa hiyo walikuwa wanasema kweli. Akasimama. Spana ikaanguka kutoka mapajani, ikalia kwenye chuma.

"Tano na nusu," kipaza sauti kilisema.

"Tuna nafasi, Annachi. Njoo. Pole pole, chini kunateleza. Njoo."

Akapiga hatua moja. Akapiga ya pili. Ponmalar akamnyooshea mkono, vidole vyao vikagusana.

Ndipo mzee aligeuza kichwa, sikio lake zima likaelekea juu. Ponmalar hakusikia kitu. Lakini mtu aliyefunga na kufungua vali ile kwa miaka yote hiyo anaijua sauti yake, na anajua pia kwamba kipimo kinachosomwa handakini, kikipoa mno, huonyesha namba pungufu kuliko shinikizo halisi.

"Ponmalar," alisema, kwa upole aliomfundishia siku ya kwanza nyuma ya karakana, na akauachia mkono wake. "Geuka. Kimbia. Usiniangalie."

Juu ya vichwa vyao, kabla kipaza sauti hakijasoma sita, vali ya chini ya pipa la pili ilianza kufunguka.